Baba wa Mzee Nanii

Kinyozi, jirani yetu, anasema baba aliwavunja watu mbavu. Anasema alikuwa pale pale mlangoni, aliona kwa macho yake mawili, hakusimuliwa. Kwa maelezo yake, baba aliingia duka la vifaa vya ujenzi, akaegemea kaunta, akamwambia muuzaji, "Nipe ile nanii, ya kuwekea kwenye nanii." Muuzaji naye mtu wa utani, akashusha misumari. Baba akatikisa kichwa. Akashusha skrubu. Baba akatikisa kichwa. Akashusha kitasa, kufuli, gundi, brashi, mpaka kaunta ikajaa kama meza ya mnada, na kila kinachoshuka baba anasema, "Siyo nanii hiyo, nanii!" Watu wakajaa mlangoni. Wakatoa simu. Mwishowe, anasema kinyozi, baba alipiga kaunta kofi moja, akawageukia watu, akainama mpaka chini kama mwigizaji anayeaga jukwaani, akatoka zake. Nyuma yake makofi na vigelegele.

"Mzee ana kipaji kuliko hata mwanawe," kinyozi akaniambia, mashine yake ikinguruma kwenye kisogo cha mteja. "Anamwigiza Mzee Nanii utadhani ndiye mwenyewe. Mwambie kaka yako ajihadhari, atapokonywa tonge mdomoni."

Mteja akacheka mpaka kinyozi akamshika kichwa. "Tulia wewe, nitaondoka na sikio."

Nikacheka kidogo, kwa heshima ya ujirani. Nilikuwa nimekwenda kuuliza tu kama kuna aliyemwona baba, maana alitoka asubuhi na mpaka jua limesimama utosini hakuwa amerudi.

Nilimkuta karakana. Alikuwa amekaa juu ya kabati la mteja lililolazwa ubavu, kabati zuri la milango miwili ambalo lilikuwa bado halina mlango hata mmoja. Mikono mitupu.

"Baba, umepata?"

Aliunganisha viganja vyake, akavifungua kama mtu anayefungua kitabu, akavifunga, akavifungua tena. Nilitazama viganja, kisha nikatazama kabati.

"Bawaba," nikasema.

"Ehee!" Akapiga goti. "Bawaba. Bawaba. Bawaba." Alilirudia neno kama mtu anayekaza kamba ya mzigo usimdondoke njiani. Kisha akanitazama. "Walikuwa wanacheka nini?"

"Baba, uliwainamia?"

"Nani kainama? Nilikuwa nawaonyesha. Zilikuwa chini, ndani ya kioo."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Aliziona bawaba kwenye kabati la kioo chini ya kaunta, akainama kuzionyesha kwa kidole, na watu wote wale hakuna aliyetazama kidole kinakoelekea. Walikuwa wanamtazama yeye.

Kicheko kile hakikuzaliwa dukani. Kilizaliwa kwenye televisheni, na aliyekizaa ni kaka yangu.

Kaka ndiye mkubwa, na karakana ilikuwa iwe yake. Lakini mbao zilimkataa. Akikata, msumeno unakwenda upogo. Akipiga randa, ubao unatoka na mabonde. Wateja, hata hivyo, walikuwa wanakuja kukaa tu ili wamsikie akiongea. Baba akamwambia, "Mwanangu, wewe msumeno wako ni ulimi. Nenda ukakate nao huko." Akaenda. Akaanza kunadi viti na vitanda kwa kipaza sauti mbele ya maduka ya fanicha. Kisha akawa mshereheshaji kwenye mahafali ya shule. Kisha akaingia kikundi cha maigizo kilichokuwa kikifanya mazoezi kwenye ghala nyuma ya mziba pancha, ambako kila wakifika penye huzuni pampu inapiga kelele. Kutoka ghalani akapata kazi kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni, kazi ya mlinzi wa geti. Alikuwa hasemi neno. Anafungua geti, gari linapita, anafunga. Muda mrefu sana kaka yangu alifungua geti. Sisi nyumbani tulikuwa tukisubiri hilo tu, na likifunguliwa baba anasema, "Leo limefunguka vizuri. Halikulia hata kidogo."

Siku moja mwigizaji aliyekuwa akicheza mzee mwenye nyumba aligombana na wakubwa, akanuna, hakuja. Mwongozaji akatupa macho huku na huku. "Wewe wa geti, maneno ya mzee unayajua?" Kaka alikuwa anayajua ya watu wote. Wakampaka poda nywele, wakamkalisha kitini, kamera zikawaka. Alitakiwa aseme, "Nileteeni ule mkataba wa nyumba." Neno mkataba likamkimbia. Kwa hofu akafanya kile alichokiona tangu anatambaa: akatazama dari, akapiga vidole, akasema, "Nileteeni ile... nanii. Ile nanii ya nanii!"

Mwigizaji mwenzake hakujiandaa, akapasuka kwa kicheko. Mpiga picha akacheka mpaka kamera ikatikisika. Wakaiacha hivyo hivyo. Baada ya hapo mzee mwenye nyumba akasahauliwa, kikawa kipindi cha Mzee Nanii, fundi seremala mwenye penseli sikioni anayeitafuta penseli kutwa nzima.

Hakuna aliyeambiwa Mzee Nanii ametoka wapi. Sisi tu ndio tulijua. Baba yetu amesema nanii tangu ujana wake, kwa sababu mikono yake ilikuwa inautangulia mdomo. "Nipe nanii," anasema, na wewe unatazama mkono umeelekea wapi, unajua kama ni randa, patasi au timazi. Kisha anapiga vidole, na neno lenyewe linafika limechelewa kama mgeni aliyepotea njia: "Patasi!" Marehemu mama alikuwa akisema, "Mimi nilichumbiwa kwa nanii. Aliniambia anataka mimi na yeye tufanye nanii. Nikamwambia sema vizuri, baba yangu yuko dirishani."

Usiku ule wa kwanza tulipomwona Mzee Nanii, baba alicheka kuliko wote. "Huyu mzee namjua!" alikuwa akisema, anafuta machozi. "Namjua kabisa!" Kesho yake akampa kaka koti lake la kazi, lile lenye mfuko uliochanwa na patasi. "Kavae hili. Usije ukaniaibisha na koti jipya." Wakati huo kilikuwa kicheko cha nyumbani kilichotoka kutembea nje kidogo. Hakuna aliyeumia.

Kaka akawa anakuja mara moja kwa mwezi. Akifika hakai ndani, anakwenda moja kwa moja karakana, anavuta stuli, anamtazama baba akifanya kazi. Mimi kazi yangu ni kupiga msasa na vanishi, kwa hiyo nilikuwa niko pale pale, na kazi ya msasa haizuii macho. Nilimwona anavyotazama. Siku moja baba alimimina chai yake kwenye kopo la vanishi badala ya kikombe, akakaa akilitazama kopo. Kaka akacheka. Nami nikacheka. Baba alipotuona tunacheka, naye akacheka. Haukupita muda, Mzee Nanii naye akamimina chai kwenye kopo la vanishi, akalipeleka mdomoni, na watazamaji wakaanguka kwenye viti.

Kisha ikaja ile ya jina. Nyumbani mimi naitwa Msasa. Baba ndiye aliyeniita hivyo, kwa sababu anasema nikianza kitu sikiachi mpaka kilainike. Siku moja aliniita, "Nanii! Nanii, njoo." Nilidhani anataka chombo, nikamtazama mkono umeelekea wapi. Mkono ulikuwa umeelekea kwangu. Kaka alikuwa kwenye stuli yake. Hakucheka safari hiyo. Alimtazama baba, kichwa kimelala ubavu, midomo yake inacheza pole pole bila sauti.

Nikaja kuiona kwenye televisheni. Mzee Nanii amekwenda shuleni kumchukua binti yake, mwalimu anamuuliza jina la mtoto, naye anatazama dari: "Anaitwa... nanii. Mtoto wangu kabisa huyu, anaitwa nanii." Watu walicheka mpaka wengine wakasimama. Nikazima.

"Mbona unazima?" baba akaniuliza. "Alikuwa anatafuta jina. Hajalipata bado."

Baada ya ile ya dukani nilimvalisha baba shati safi, nikampeleka zahanati. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Akainua kalamu. "Mzee, hii inaitwaje?"

"Nanii ya kuandikia."

Nesi aliyekuwa kwenye mizani akaangua kicheko, daktari mwenyewe akauma mdomo. "Mzee, leo hatupo kwenye televisheni."

Baba akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgeni asiyemkumbuka. Daktari akampa ufunguo. Baba aliushika vizuri, akauingiza kwenye tundu lisilokuwepo, akauzungusha, akasukuma mlango hewani, akasubiri. Neno halikuja. Akazungusha tena. Daktari akaacha kutabasamu.

"Ilianza lini?" akaniuliza mimi.

"Amezoea kusema nanii tangu zamani, daktari."

"Sikuulizi mazoea. Nakuuliza, lini maneno yalianza kutoka yasirudi? Yalipungua kidogo kidogo, au yalikatika ghafla, yakatulia, yakakatika tena?"

Niliona aibu kwamba sijui, mimi ninayelala chumba cha pili kutoka chake. Ubao unaopinda ndivyo ulivyo. Ukiutazama kila asubuhi utaapa umenyooka. Anayeuona umepinda ni yule aliyeondoka akarudi.

Akanieleza kwa maneno mepesi. Kuna ugonjwa unaokuja kama kutu, pole pole, na huo hauna cha kuuzuia sana. Kuna mwingine unashuka kwa ngazi, kwa sababu ya mishipa ya damu kichwani: mtu anashuka kipandio, anasimama hapo, anashuka kingine. Kwa huo unaweza kumzuia mtu asishuke kipandio kinachofuata, ukimuwahi. Vipimo vitafanywa, akasema, lakini vipimo peke yake havisemi yote. "Alhamisi anakuja daktari bingwa wa ubongo. Haji mara kwa mara. Mje na mtu anayekumbuka mzee alivyokuwa, hatua kwa hatua."

Jumapili kaka akaja. Gari lilisimama, na kabla hajashuka tayari mtaa ulikuwa unapiga kelele, "Mzee Nanii! Mzee Nanii!" Akawapungia, akaingia karakana anatembea kama mtu anayebeba habari njema. Baba alikuwa uani anachagua mbao.

"Msasa, umeiona video?" Akaninyooshea simu. Baba alikuwa humo, mdogo kama kidole, kaunta imejaa, watu wanacheka. "Kila mtu ameiona. Bosi amenipigia mwenyewe. Anataka Mzee Nanii akutane na baba yake, wakae meza moja, wagombanie penseli. Tunarekodi Alhamisi."

"Alhamisi baba ana daktari."

"Daktari wa nini?"

"Wa maneno."

Akacheka. "We mtoto, baba amesema nanii tangu hujazaliwa. Mama alichumbiwa kwa nanii."

"Zamani alikuwa anapiga vidole," nikasema.

"Na neno linakuja," kaka akamalizia. Lilimtoka kabla hajalizuia.

Nikaendelea na msasa wangu kwenye mguu wa kiti. Sikutaka kumsukuma. Nilipofika kwenye kona nikamuuliza, "Mbona Mzee Nanii wako siku hizi hapigi vidole?"

"Maana yake nini?"

"Aliacha lini?"

"Msasa, usinihoji kama polisi."

"Nakuuliza kazi yako tu."

Alisimama akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Akachukua penseli ya baba kwenye benchi, akaichomeka sikioni. Nilidhani anataka kunichekesha kama zamani.

"Huyu ni yule niliyeanza naye," akasema. Akalegeza bega la kulia, akapiga vidole viwili, upesi, macho darini. "Patasi!" Alikuwa baba. Alikuwa baba yangu wa siku za mama, mpaka nikaacha msasa.

"Huyu alikaa muda mrefu. Hakubadilika. Halafu ile mara nilipokuja baada ya mvua kubwa, zile zilizoezua paa la jirani, nikamkuta huyu." Bega likashuka zaidi. Vidole vikagusana bila kutoa mlio, kama vimesahau vilikuwa vinataka nini. "Ghafla. Mwezi uliotangulia hakuwa hivi. Nilidhani amechoka. Akakaa hivyo, hivyo, hivyo. Halafu wakati ule alipoteleza bafuni akasema si kitu, unakumbuka? Nilivyokuja tena, huyu." Akaacha mikono ining'inie kabisa. Macho hayakwenda darini tena. Yalinitazama mimi, yakisubiri nimpe neno. Alikuwa ameyaiga macho yenyewe ya baba.

"Ngazi," nikasema.

"Nini?"

Nikamweleza aliyoyasema daktari. Kutu na ngazi, na kwamba wa ngazi unaweza kuzuiwa ukiwahiwa. Nikamwambia kwamba mimi ninayekaa naye sikuona ngazi yoyote, nimeona baba tu, kila siku baba.

Kaka akaitoa penseli sikioni, akaigeuzageuza. "Unajua daktari ana nesi, na nesi ana simu. Nikienda pale nikaanza kumwonyesha, kabla sijafika nyumbani mtaa mzima unasema yule jamaa kumbe alikuwa anamcheka baba yake mgonjwa. Kipindi chenyewe kilikuwa kinakaribia kufa, Msasa. Wenye matangazo walishaanza kuangalia pembeni. Hii video ndiyo imekifufua. Nikiikosa Alhamisi, narudi kufungua geti."

"Ulijua?"

"Sikujua ni ugonjwa."

"Lakini ulijua anashuka."

"Nilijua anabadilika! Kazi yangu ni kuona mtu anapobadilika. Mimi nilidhani..." Akaketi juu ya benchi, suti yake nzuri kwenye vumbi la mbao. "Nilidhani kitu kikishakuwa kichekesho kinabaki kichekesho."

Baba akaingia na ubao begani. Kaka akaruka kumpokea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Marahaba, nanii. Umekuja." Akamshika uso kwa viganja viwili, akafurahi kwelikweli. Hata asiyejua kitu angeona amemtambua. Alichokosa ni jina tu.

"Baba," kaka akasema, sauti imempungua, "Alhamisi wanataka nikupeleke kwenye televisheni. Ukae na mimi."

"Watacheka?"

"Watacheka, baba. Sana."

Baba akafikiri. Akaupapasa ubao kwa kiganja, kutafuta upande uliopinda. "Na pale nilipokwenda kununua ile... pale pia walicheka. Nikawatazama wote mmoja mmoja. Nikasema labda nimevaa shati kinyumenyume." Akatazama shati lake. "Halikuwa kinyumenyume."

Akaubana ubao kwenye jiliwa, akachukua randa, akaanza kupiga. Hapo mikono yake haijasahau kitu. Maranda yalitoka marefu, yamejikunja, mepesi kama ganda la kitunguu. Kaka alimtazama. Niliona kichwa chake kinaanza kulala ubavu, midomo inaanza kucheza, kisha akajishtukia, akafunga mdomo, akaangalia sakafu.

Simu yake ikaita kwenye benchi. Jina la bosi likawaka. Ikatetemeka, ikajisogeza yenyewe kidogo kidogo kati ya misumari, ikanyamaza, ikaita tena. Hakuipokea na hakuizima.

Nikasogea karibu ili baba asinisikie, ingawa randa ilikuwa inapiga kelele.

"Mimi siwezi kumwonyesha daktari," nikamwambia. "Sina yule baba wa kwanza. Nimemsahau, kaka, leo ndiyo nimemwona tena kwako. Unaye wewe peke yako, wote watatu. Simwambii daktari wewe ni nani kwenye televisheni. Utavaa kofia, utakaa nyuma, akiuliza tu utasimama umwonyeshe kama ulivyonionyesha mimi. Mara moja."

Alikuwa anapangusa vumbi la mbao kwenye goti la suti, pale pale, ingawa lilishatoka.

"Alhamisi asubuhi," nikasema. "Kaka, utakuja?"